Usipulize Kiwavijeshi wa Bondeni kwa Tarehe za Milimani

Kila msimu nakuta kosa lilelile: mkulima wa Bonde la Kilombero anapuliza mahindi kwa tarehe aliyopewa na ndugu yake wa Njombe, kwenye baridi ya milimani, ilhali kwake bondeni ni joto. Dawa inaisha, fedha inaisha, na kiwavijeshi vamizi bado yumo kwenye moyo wa mhindi.

Mwili wa mdudu huyu haujitengenezei joto, kwa hiyo hali ya hewa ndiyo inayoamua kasi ya kukua kwake. Kwenye nyuzijoto 18 huchukua siku 71 hivi tangu yai hadi nondo, mdudu kamili mwenye mabawa. Kwenye nyuzijoto 32, siku 20 zinamtosha. Penye joto yai huanguliwa baada ya siku 2 au 3, na kiwavi humaliza kula ndani ya wiki 2 hivi. Ukikaa siku 14 hujakanyaga shamba, umemwachia maisha yake yote ya kula. Tena uharibifu mkubwa huufanya mwishoni, akiwa chini ya kinyesi chake kilichoziba moyo wa mmea kama vumbi la mbao. Hapo dawa unayanywesha majani tu.

Bondeni kagua mara 2 kwa wiki, kuanzia wiki ya kwanza baada ya mahindi kuota: mashina 20 katika kila sehemu kati ya sehemu 5, na si pembezoni mwa njia peke yake! Tafuta madoa meupe yanayopitisha mwanga kwenye majani machanga. Mahindi yakiwa bado madogo, mashina yaliyoshambuliwa yakifika 20 kati ya 100, puliza viwavi wakiwa hawajazidi sentimita 1. Anza baada ya saa 10 jioni, ukielekeza mdomo wa bomba kwenye moyo wa mmea. Wapo wanaopuliza saa 6 mchana hadi leo. Acheni jamani! Saa hizo kiwavi amejificha na jua linakausha dawa.

Majani mapya yakichomoza bila matundu, umefanikiwa.

Usisahau na udongo. Kiwavi aliyeshiba hujiangusha, huchimba sentimita 2 hadi 8 na kugeuka pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nondo. Penye joto nondo hutoka baada ya siku 8 au 9, penye baridi siku 20 hadi 30. Kwa hiyo ukishavuna, pindua udongo siku hizohizo, pupa waungue juani na ndege wawale. Ardhi ikiwa ngumu asiweze kuchimba, hujifungia kwenye majani makavu juu ya udongo, hivyo masalia nayo yafukie.