Mashindano ya mieleka mtaani: jinsi ya kupata vijana wengi na wakarudi tena

Wadau wa mieleka, nafundisha vijana huku Kigamboni na kila nikikutana na makocha wenzangu kilio ni kilekile, vijana hawaji kwenye mashindano. Mi naona wanakuja, ila hawarudi. Kuna dogo mmoja wa kilo 38 alitoka Mbagala na mama yake, daladala halafu pantoni, akakatwa mtama akala chali hata dakika haijaisha, na kwa kuwa ilikuwa mtoano basi siku yake imeishia hapo, kutwa amekaa juu ya begi lake anaangalia wenzake. Sikumwona tena. Iliniuma sana, toka siku ile nafanya hivi.

Hatua ya 1: achana na mtoano

Hii ndo kubwa kuliko zote. Watoto 32 kwa mtoano ni mapambano 31, na 16 kati yao wanapigana mara moja tu wanaenda nyumbani. Sasa wagawe makundi 8 ya wanne wanne, kila mmoja akutane na wenzake wote watatu, unapata mapambano 48. Najua utaniambia muda hautoshi, lakini piga hesabu, ukiwa na viwanja viwili kila kimoja kina mapambano 24, weka dakika 5 kwa kila pambano pamoja na kuingia na kutoka, hayo ni masaa mawili tu. Na kila kundi lina bingwa wake, yaani mitaa mingi zaidi inarudi na medali.

Hatua ya 2: pima kwanza, panga baadae

Usitangaze uzito kabla. Asubuhi pima wote, andika kuanzia mwepesi mpaka mzito, ndo ukate wanne wanne ukiangalia na umri na nani mgeni kabisa. Mzito wa kundi asimzidi mwepesi kwa zaidi ya asilimia 10, mwepesi akiwa na kilo 40 mwisho wako ni 44. Kundi likigoma kutimia wanne, watatu sawa. Mzani wa bafuni unatosha ila ujaribu kwanza na kiroba cha sembe cha kilo 25, wangu ulikuwa unaongeza kilo mbili nzima na sikuwa najua! Faida nyingine, mtoto hana sababu ya kujinyima maji siku mbili ili aingie uzito fulani, manake hajui atapangwa na nani. Hapohapo kwenye mzani kagua kucha na ngozi, mwenye mapunye apumzike mpaka apone.

Hatua ya 3: kama huna mkeka, nenda mchangani

Shirikisho la dunia, UWW, lina mieleka ya ufukweni kabisa na sheria zake: duara la upana wa mita 7, pambano la dakika 3, wa kwanza kufikisha pointi 3 kashinda. Ukimsukuma mwenzako nje ya duara una pointi. Hata shangazi aliyekuja kumwangalia mtoto anaelewa ndani ya dakika mbili, na mtoto anahitaji bukta na fulana tu.

Kuchora duara, chomeka kijiti katikati, funga kamba ya mita 3 na nusu, zunguka nayo huku unaburuza kisigino. Kabla ya hapo pitisha reki kisha tembea peku mwenyewe eneo lote, chupa iliyovunjika inajificha vibaya sana. Na ulizia wavuvi maji yanajaa saa ngapi, hasa siku za bamvua, usije ukafika mapambano ya mwisho bahari imekula kiwanja.

Hatua ya 4: kualika

Ukisema mieleka watu wengi wanawaza ya kwenye TV, watu kupigana viti, na mzazi hapo hapo anakataa. Kwahiyo mi natuma video fupi ya mazoezi yetu kwenye magrupu ya wasap, naenda na shuleni kuongea na mwalimu wa michezo, barua naipeleka serikali ya mtaa mapema. Usipange siku ya Simba na Yanga. Septemba waache la saba, Novemba waache kidato cha nne, wana mitihani.

Hatua ya 5: mabinti

Wanataka kucheza, sema wanaona aibu kupimwa mbele ya watu. Tafuta mama au dada awapime pembeni, awepo na mwamuzi wa kike, na kwenye tangazo weka picha ya binti anapambana kweli, sio amesimama na maua. Mwanzo watakuja wawili watatu, wapange hivyohivyo wapigane.

Hatua ya 6: kabla hawajajikung'uta mchanga

Taja tarehe ya mashindano yanayofuata palepale wakati wazazi bado wapo, na chukua namba zao. Jumatatu yake napiga simu, naanza na wale waliopoteza mapambano yote matatu, namwambia mzazi kitu kimoja nilichokiona kwa mwanae, mfano "alishika mguu vizuri pambano la pili", halafu namuuliza Jumamosi atakuja mazoezini saa ngapi.