Kuacha Sigara kwa Kutiwa Moyo: Namna ya Kuwagawia Kazi Watu Wanaokuzunguka

Watu wengi wanaoacha sigara huanza kimyakimya. Hawamwambii mtu, kwa hoja ambayo hawaikiri hata nafsini mwao: wakishindwa, asiwepo wa kuwacheka. Hoja hiyo inaeleweka, lakini siri inayomkinga mtu na aibu ya kushindwa ndiyo hiyohiyo inayomwachia mlango wazi wa kurudi, naye hurudi bila yeyote kujua kwamba aliwahi kutoka. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha kwa nguvu zao peke yao, bila dawa wala msaidizi, ni 3 hadi 5 tu ambao huwa bado hawavuti baada ya miezi 6 hadi 12. Mwongozo huu unahusu namna ya kuwatumia watu, na kwa hilo sikusudii kuwatangazia uamuzi wako halafu ukasubiri pongezi, bali kumpa kila mmoja kazi ndogo anayoiweza, na kumweleza kazi hiyo waziwazi kabla siku yenyewe haijafika.

Kwamba watu huambukizana kuacha kama wanavyoambukizana kuanza si dhana tupu. Mwaka 2008 watafiti Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha uchambuzi wa taarifa za watu 12,067 waliofuatiliwa tangu 1971 hadi 2003 katika utafiti wa afya ulioanzia mji wa Framingham, Marekani. Mume au mke alipoacha sigara, uwezekano wa mwenzake kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki alipoacha, ulipungua kwa asilimia 36. Mfanyakazi mwenza katika kampuni ndogo, asilimia 34. Na ndugu wa kuzaliwa naye, asilimia 25. Tazama kwamba rafiki na mfanyakazi mwenza wamemtangulia ndugu. Unapotafuta wa kukushika mkono, usianze kwa kuuliza nani ni damu yako. Uliza nani unakuwa naye saa zile unazovuta.

Dakika 10, si siku nzima

Kabla ya kumwomba mtu msaada, ni vyema ujue unahitaji msaada wa kiasi gani, kwa sababu ombi lisilo na kipimo huwatisha hata marafiki wema. Nikotini iliyomo kwenye moshi hufika ubongoni ndani ya sekunde 20 hivi tangu mtu avute, na baada ya saa 2 nusu yake huwa imekwisha kutoka kwenye damu. Ndiyo maana mvutaji wa kila siku huwa kama mtu mwenye saa ndani ya kifua, inayomgutusha mara kwa mara. Akiacha, hali ile ambayo vijana huiita arosto huwa kali zaidi katika siku 3 za mwanzo na juma la kwanza, kisha hupungua polepole, na kwa watu wengi huwa imelegea kati ya juma la pili na la nne. Hasira za karibu, kutotulia, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, na akili kukataa kukaa kwenye kazi moja ni sehemu ya hali hiyo, wala si dalili kwamba mwili umeharibika.

Lakini hamu yenyewe, ule mshiko unaomfanya mtu ainuke kitini na kupapasa mifuko, hudumu dakika chache tu, na kwa kawaida hauzidi dakika 10. Ukivuta, unapita, usipovuta, unapita vilevile. Msaidizi wako, basi, hahitajiki kukulinda kutwa. Anahitajika kukuvusha dakika 10, mara nyingi. Ombi la namna hiyo mtu mwenye shughuli zake anaweza kulikubali kwa dhati, na akalitimiza.

Chagua watu, kisha sema unachokitaka

Panga siku ya kuacha ndani ya majuma 2 yajayo. Ikisogea mbali zaidi, uamuzi hupoa. Katika siku hizo zilizobaki, tafuta watu watatu.

Wa kwanza ni wa dharura, atakayepokea simu. Si lazima awe mtu wa karibu sana, na wakati mwingine ni afadhali asiwe, mradi simu yake hupokewa na ulimi wake hauna mahubiri. Wa pili ni wa nyumbani, yule mnayelala chini ya paa moja. Kazi yake ni kusimamia nyumba isiyo na moshi: usiku wa kuamkia siku yenu, pitieni pamoja mifuko ya makoti, droo, na kila mahali unapoficha akiba, mtoe pakiti, viberiti na visahani vya majivu. Mvutaji akifanya kazi hiyo peke yake huwa kuna sigara moja anayoisahau kwa makusudi. Wa tatu ni aliyeipita njia hii, ama aliyekwisha kuacha, ama anayeacha pamoja nawe. Huyu ndiye utakayemweleza mambo ambayo asiyewahi kuvuta hawezi kuyaelewa, kama vile kuota usiku kwamba umevuta na kuamka ukijilaumu kwa kosa ambalo hukulitenda.

Yupo pia mtu wa nne, ambaye ni rafiki mnayevuta naye. Usimwombe aache, kwa kuwa hilo litageuza uamuzi wako kuwa hukumu juu yake. Mwombe jambo moja tu, kwamba asikupe sigara hata ukimwomba wewe mwenyewe, na kwamba mtakutana penye watu wasiovuta kwa mwezi wa kwanza.

Sasa, namna ya kuomba. Kusema "naomba uniunge mkono" ni kumwachia mtu mzigo wa kubahatisha, na wengi hubahatisha vibaya. Ujumbe niliomtumia rafiki yangu, baada ya kushindwa mara mbili kwa njia ya siri, ulikuwa hivi: "Ndugu yangu, kuanzia Jumatatu siwashi tena sigara. Nikikutumia neno moja tu, 'sasa', naomba unipigie unizungumzishe dakika 10. Zungumza habari yoyote isipokuwa sigara. Usiniulize kama nimevuta." Aliuliza swali moja tu: je, hata usiku? Nikamjibu kwamba saa nne usiku ndiyo saa yangu mbaya. Siku ya pili neno hilo lilitumwa mara 6. Mara moja alinisimulia kwa kirefu jinsi mlango wa kabati lake ulivyokataa kufunga, bawaba moja baada ya nyingine, na hadithi ile isiyo na maana yoyote ilinifaa kuliko nasaha zote nilizowahi kupewa.

Mwombe radhi mapema mtu wa nyumbani. Mwambie kwamba katika juma la kwanza utakuwa mkali bila sababu, kwamba ukali huo haumhusu, na mkubaliane neno ambalo yeyote kati yenu akilitamka, ninyi nyote mtanyamaza na kuachana kwa robo saa.

Kwa anayesaidia

Sehemu hii mpe msaidizi wako aisome, maana hapa ndipo nia njema huharibu kazi. Mwaka 1990 watafiti Sheldon Cohen na Edward Lichtenstein walichunguza mienendo ya wenzi wa watu wanaoacha sigara, wakakuta kwamba kilichoambatana na mafanikio ni uwiano kati ya matendo ya kutia moyo na matendo ya kukera. Kusifu na kusaidia kupita saa ngumu kuliwekwa upande mmoja wa mizani, na kusonya, kulalamikia harufu na kuonyesha kutomwamini mtu kuliwekwa upande wa pili. Nakiri kwamba majaribio mengi yaliyofuata, ya kuwafundisha wenzi namna ya kusaidia, hayakuonyesha faida ya wazi. Kwa maoni yangu, tatizo la mafunzo ya jumla ni kwamba kinachomtia moyo mmoja humkera mwingine, na anayejua tofauti hiyo ni yule anayeacha. Ndiyo sababu nimesisitiza kwamba yeye ndiye aseme anachokitaka.

Hata hivyo, yapo machache ambayo karibu hayamfai mtu yeyote. La kwanza ni kumnusa. Katika jaribio langu la pili, ndugu yangu mmoja, kwa mapenzi kabisa, alikuwa akinikumbatia kila nilipoingia nyumbani, huku pua yake ikipita polepole kwenye ukosi wa shati langu. Siku ya tisa nilivuta, na sehemu ya sababu, naona aibu kuisema, ilikuwa kumpa alichokuwa akikitafuta. La pili ni kumtisha kwa magonjwa. Mvutaji anayajua, kwani picha zake zimechapishwa juu ya pakiti aliyokuwa akiifungua kila siku. La tatu ni kumwambia kwamba anayetumia dawa hajaacha kwa kweli.

Badala ya "hongera" ya kila siku, ambayo huchuja haraka, mkumbushe jambo la kweli kwa wakati wake. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya siku moja au mbili, gesi ya kaboni monoksidi, iliyokuwa ikinyang'anyana nafasi na oksijeni kwenye damu, huwa imerudi kiwango cha mtu asiyevuta. Baada ya mwaka, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inayotokana na sigara huwa imepungua kwa takribani nusu. Na akinenepa, nyamaza: wengi huongezeka kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na neno moja la mzaha juu ya mkanda wa suruali limewahi kumrudisha mtu kwenye pakiti.

Muuguzi na mfamasia nao ni watu

Kutiwa moyo hakushindani na tiba. Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuwasaidia watu wazima kuacha tumbaku, nao unapendekeza kuunganisha ushauri na dawa. Dawa hizo ni nikotini mbadala, yaani plasta ya kubandika kwenye ngozi, ubani wa kutafuna na mfano wake, pamoja na vareniklini, bupropioni na sitisini. Mweleze mhudumu wa afya ni muda gani hupita tangu unapoamka hadi unapowasha sigara ya kwanza. Anayewasha ndani ya dakika 30 kwa kawaida huhitaji ubani wa miligramu 4, na anayekawia zaidi hutosheka na wa miligramu 2. Ubani huo hautafunwi mfululizo kama wa kawaida: utafune polepole hadi usikie ladha kali au mwasho mdogo, uuegemeze kati ya shavu na ufizi hadi mwasho uishe, kisha uanze tena, kwa muda wa nusu saa hivi. Wengi huulaumu ubani kwamba huwapa kwikwi na kichefuchefu, ilhali wameutafuna kwa pupa na kuimeza nikotini yake.

Mtajie pia dawa nyingine unazotumia, kwa kuwa moshi wa sigara huharakisha ini kuzivunja baadhi yake, na ukiacha, kipimo kinaweza kuhitaji kupunguzwa. Kahawa imo katika mkumbo huohuo: kikombe kilekile hukaa mwilini muda mrefu zaidi baada ya kuacha, kwa hiyo usingizi unaokukimbia huenda unafukuzwa na kahawa, si na arosto. Punguza kwa nusu.

Asiye na mtu wa kumwomba asikate tamaa. Nchi nyingi zina namba ya simu ya bure ya ushauri wa kuacha tumbaku, na zipo huduma za ujumbe mfupi wa simu zilizothibitika kusaidia, ingawa ujumbe wenyewe hutumwa na mashine.

Siku ya kuteleza

Kuteleza si kuanguka, ila hugeuka kuwa kuanguka kukifichwa. Mtu akivuta moja, humwepuka msaidizi wake kwa siku 2 au 3, na katika siku hizo moja huzaa pakiti. Kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba atatoa taarifa siku hiyohiyo, na kwamba atakayeipokea hataguna. Msaidizi aulize maswali ya fundi: ilikuwa saa ngapi, ulikuwa na nani, uliipata wapi, zilizobaki ziko wapi? Zilizobaki zilowekwe maji wakiwa bado kwenye simu, na jibu la swali la pili ndilo litakaloonyesha pengo lilipo.

Kwa sababu hiyo mimi sipendi desturi ya kuhesabu siku kwa sauti. Inapendeza hadi siku ya 40, kisha sigara moja inaifuta hesabu nzima, na mtu anajiona amerudi sifuri wakati mapafu yake yamepumzika siku 40 za kweli.

Jambo la mwisho la kupanga ni muda. Wasaidizi huwa na ari juma la kwanza, wakati mtu mwenyewe ana ari pia, kisha hunyamaza mwezi wa pili, pale ambapo kila mtu anadhani mambo yamekwisha. Waandikie tarehe kwenye kalenda zao: siku ya 3, juma la 2, mwezi wa 1, wa 3, wa 6, na wa 12. Na lile neno la dharura lisistaafishwe. Miezi 8 baada ya kuacha nilikuwa nimesimama nje ya hospitali, nimetoka kupewa habari mbaya, na mtu nisiyemjua akaninyooshea pakiti iliyo wazi kwa huruma. Nilitoa simu na kuandika "sasa", nikidhani yule rafiki amekwisha kusahau. Iliita kabla sijairudisha mfukoni, naye, bila salamu, akaanza kunisimulia habari za mlango wa kabati.