Kabla hujanunua opampu ya fotodayodi

Wengi tukienda Kariakoo kutafuta opampu (chipu ya kukuza ishara) ya saketi ya mwanga tunauliza kasi na kelele tu. Mkondo wa pato, yaani ule ambao mguu wa kutolea wa opampu unaweza kuubeba, tunausahau. Kumbuka, mkondo wote wa fotodayodi (dayodi inayogeuza mwanga kuwa mkondo) unapita kwenye rizista ya mrejesho, ile inayounganisha pato la opampu na ingizo lake, na anayeubeba ni pato la opampu. Mzigo unaofuata unaongezea wake.

Ndani ya chumba ni maikroampia, hakuna shida. Lakini fotodayodi ya BPW34 ukiianika kwenye jua la Dar saa saba mchana inatoa kama miliampia 3. Opampu ya LM358 (ile ya bei ya chipsi) inausukuma bila taabu. Igeuze dayodi ili pato lifyonze (livute mkondo ndani) badala ya kusukuma, mambo yanabadilika: pato likiwa chini ya nusu volti hivi, LM358 hufyonza takriban maikroampia 50 tu. Mimi nilibadilisha dayodi mbili zisizo na kasoro kabla sijashtuka kwamba tatizo ni opampu.

Na ile namba ya mkondo wa shoti (pato likiunganishwa moja kwa moja na ardhi) kwenye datashiti isikudanganye, hapo volteji imeshaporomoka. Tazama grafu ya volteji ya pato dhidi ya mkondo.