Kijiji kimebaki na wazee watupu? Pangeni zamu ya kujuliana hali

Vijana wakishahama wote na nyumba nyingi zikawa zimefungwa, mimi kinachonitisha kuliko vyote ni mzee anayeishi peke yake kuanguka alfajiri na asijulikane mpaka kesho yake. Mzee akilala sakafuni zaidi ya saa moja bila uwezo wa kuinuka hiyo tayari ni hatari hata kama hajavunjika popote, mwili unapoa, maji yanamwishia, misuli aliyoilalia inaharibika na uchafu unaotoka kwenye hiyo misuli unaenda kuumiza figo.

Kwahiyo anzeni na alama ya asubuhi. Japani kuna vijiji wazee wanatundika bendera ya njano mlangoni wakiamka na jioni wanaitoa, jirani akipita anaona kwa mbali kabisa. Si lazima bendera, hata pazia au dirisha linatosha, ila iwe kitu anachokifanya mwenyewe kila siku na jioni akirudishe kama kilivyokua, maana pazia lililoachwa wazi toka juzi halikwambii chochote. Kama nyumba ziko mbali mbali basi abipu tu, haimli hata salio.

Alafu mpange mduara, bibi huyu anamwangalia babu wa jirani, yule babu anamwangalia mwingine, mpaka inarudi kwa wa kwanza. Msiweke mtu mmoja wa kuwaangalia wote, siku akiumwa yeye mmekwisha, na pia wazee wengi hawapendi kuchungwa kama watoto ila ukimwambia naye ana mtu wa kumwangalia anaamka mapema kabisa. Kubalianeni saa, tuseme saa tatu, ikipita hakuna alama unapiga simu, hapokei unaenda muda huohuo. Hayo mambo ya "labda kapitiwa na usingizi" yaacheni jamani.

Ufunguo wa akiba wakae nao watu wawili. Na hapa nisikilizeni vizuri, kuna mama mmoja jirani yetu tulikua na ufunguo wake kabisa mkononi, tumefika mlangoni unazunguka vizuri lakini mlango haufunguki, kumbe kasukuma komeo kwa ndani usiku. Tunamsikia anagonga kijiko kwenye mguu wa kitanda, taratibu, anapumzika, anagonga tena, na sisi tuko nje hatuna la kufanya mpaka tukavunja kioo cha dirisha. Alikua chini toka usiku wa manane. Toeni hayo makomeo, wekeni kitasa kinachofunguka kwa nje hata kama kimefungwa ndani.

Watumieni na watu wanaopita kijijini kila siku, dereva, muuguzi, anayeleta barua. Ufaransa toka 2017 posta yao ina huduma ya kulipia ambapo mpeleka barua anapita kumsalimia mzee alafu familia inapewa taarifa, nyie mnaweza kumpa tu dereva namba ya simu na kumuomba.

Ndani ya nyumba ni vitu vichache, taa ya njia ya chooni, mikeka inayoteleza itolewe, karatasi ya dawa anazokunywa ibandikwe nyuma ya mlango, simu ikae mwilini maana iliyo kwenye chaji mezani haifikiki ukiwa chini. Na mfanye naye mazoezi ya kuinuka akiwa mzima: ajigeuze ubavu, aingie kwenye mikono na magoti, atambae mpaka kwenye kiti kizito, mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu mbele, ndio asimame. Akiwa na maumivu makali asijilazimishe, ajifunike chochote kilicho karibu, awe anachezesha vidole na agonge kitu.

Mkishapanga yote fanyeni jaribio, siku moja mtu asifungue pazia kwa makusudi, mhesabu dakika mpaka jirani afike mlangoni na kama kweli ataingia ndani.