Umbo Kubwa la Mlimani: Namna ya Kulichora Kigoma

Farasi Mweupe wa Uffington, mchoro wa mlimani kusini mwa Uingereza, ana urefu wa mita 110 hivi na hakupakwa rangi: ni mitaro iliyoshindiliwa chaki ya kuponda. Vipimo vya udongo wake, vinavyoonyesha ulipigwa na jua mara ya mwisho lini, vilimweka kati ya 1380 na 550 KK. Jitu la Cerne Abbas, mchoro mwingine wa huko wenye mita 55, halikuandikwa popote kabla ya 1694, hivyo wengi wakalidhani la karne hiyo. Vipimo vya 2021 vikalirudisha kati ya 700 na 1100 BK. Michoro hii huishi kwa kupaliliwa tu. Ikiachwa, nyasi huimeza. Basi kabla ya kushika jembe, pata wapaliliaji, kisha ruhusa ya serikali ya kijiji au mtaa.

Milima inayotazama Ziwa Tanganyika haina mwamba wa chaki. Tumia mawe yaliyopakwa chokaa, kama yale yanayopangwa kwenye njia za shuleni. Fanya kazi Juni hadi Septemba, mvua zikiwa mbali.

Chora kwenye karatasi ya miraba, sentimita 1 kwa mita 1. Hapa ndipo wengi huharibu. Mtelemko wa nyuzi 30, ukitazamwa kwa mbali kutoka chini, hufupisha kimo kwa nusu, kwa hiyo kichwa hadi kwato mita 10 kinahitaji mita 20 ardhini. Ukisahau, farasi atageuka mjusi. Piga vigingi kila mita 2, funga kamba, kisha mtume mtu bondeni akuelekeze kwa simu kabla hujachimba.

Kwa anayetazama akiwa kilomita 1, mstari wa sentimita 30 hauonekani vizuri, weka 60. Zamisha mawe sentimita 10 yasiporomoke. Mstari unaoshuka wima hugeuka mfereji na mwishowe korongo, kwa hiyo ukate kwa jiwe kubwa la kulala kila mita 1, na juu ya mchoro chimba mtaro wa kupeleka maji pembeni.

Kwa rangi ya mawe, changanya chokaa kilo 8, maji lita 15, chumvi kilo 1 (ya Uvinza inatosha kabisa). Acha mchanganyiko ulale usiku mmoja, uchuje. Lowesha mawe, yapake tabaka mbili nyepesi asubuhi au jioni. Chokaa likipakwa juani hukauka upesi, likabaki unga na kuondoka na mvua ya kwanza. Vaa miwani na glavu, chokaa huunguza.

Fyeka mita 2 kuzunguka mchoro kila Juni, maana moto wa kiangazi huyapaka mawe masizi, na upake upya wakati huohuo. Chini ya jiwe la jicho fukia kigae kilichochongwa mwaka, ili wajao wasihitaji maabara.