Somo: Kupima albido ya Dunia kwa kuutazama upande wa giza wa Mwezi

Mwezi ukiwa hilali, upande wake usiopigwa na jua huonekana kijivu hafifu. Hiyo ni nuru ya Dunia: mwanga wa jua ambao Dunia imeurudisha hadi Mwezini. Leonardo da Vinci aliieleza mwanzoni mwa karne ya 16; Mfaransa André Danjon akaanza kuipima miaka ya 1920. Kwa wastani Dunia hurudisha takriban asilimia 30 ya mwanga wa jua (sehemu hiyo inayorudishwa, 0.30, ndiyo albido), na mchango mkubwa ni wa mawingu.

1. Subiri hilali ya siku 3 hadi 5. Ikizidi hapo, mng'ao wake unakera na nuru ya Dunia inapungua.

2. Piga picha mbili bila kubadili kitu ila muda: ya hilali, sehemu ndogo ya sekunde, ya giza, sekunde kadhaa, darubini ikiufuata Mwezi. Hifadhi faili ghafi. JPEG imeshachezewa, namba zake si za kuaminika.

3. Hapa ndipo penye kazi. Hilali hung'aa maelfu ya mara kuliko upande wa giza, na mwanga wake hutawanyika hewani na ndani ya lenzi hadi ukatanda juu ya giza. Pima anga nje ya ukingo wa giza, umbali tofauti tofauti kutoka hilali. Chora mstari wa namba hizo, urefushe hadi ndani ya Mwezi, kisha thamani yake uiondoe kwenye namba za upande wa giza. Ukiruka hatua hii, unapima utando tu.

4. Gawanya kila namba kwa sekunde za picha yake. Kisha doa la giza (jioni, karibu na Grimaldi, bonde jeusi kwenye ukingo mmoja wa Mwezi) ligawe kwa doa la hilali (karibu na Crisium, bonde jeusi karibu na ukingo wa pili). Yote mawili yamepita hewa ile ile, kwa hiyo athari yake karibu yote inajifuta.

Maswali

*Mwalimu, mbona sipati 0.30?*
Hupati moja kwa moja. Vumbi la Mwezi hurudisha mwanga kwa nguvu zaidi kule ulikotoka, na doa la giza linaangazwa kutoka upande wetu, hilali kutoka ubavuni. Bila kusahihisha hilo, linganisha tu miezi yenye hilali ya umri mmoja.

*Napima mawingu ya hapa nilipo?*
Hapana. Jioni unapima nchi za magharibi yako ambako bado mchana; alfajiri, za mashariki.

*Satelaiti si zipo?*
Zipo, ila vihisi vyake huchakaa. Uwiano huu hujisahihisha kila usiku. Watafiti wa kituo cha kuangalia anga cha Big Bear, California, walipima hivi 1998 hadi 2017 wakaona mwanga unaorudishwa umepungua kama nusu wati kwa kila mita ya mraba, sehemu kubwa katika miaka ya mwisho.