Flashi ya mteja imejaa "picha": ikague hivi kabla hujabonyeza kitu

Juzi mama mmoja kutoka Tukuyu aliingia steshenari kwetu, Mwanjelwa, na flashi ya picha za msiba wa mumewe. Alitaka kusafishiwa chache, yaani zitolewe kwenye karatasi. "Mwanangu, jana walizifungua mahali, leo naona vitu visivyofunguka." Nikamwambia, "Pole mama. Tusibonyeze chochote kwanza." Tulifuata hatua hizi.

1. Sasisha Windows na kivinjari. Septemba 2023 Google ililazimika kuziba haraka tundu la Chrome lililokuwa likitumiwa na wadukuzi kupitia picha za WebP (aina ya picha za mtandaoni), kwa hiyo hata picha halisi inaweza kuwa mtego kwenye programu iliyozeeka. Kinga inayokuja na Windows inatosha. Antivairasi ya kunakili kwa jirani siitaki kabisa dukani.

2. Chomeka flashi, iskani kwa kinga hiyo.

3. Badili mwonekano wa mafaili. Hatua hii iliwahi kunila siku nzima, kwa hiyo isome taratibu. Windows huficha herufi za mwisho za jina, hivyo harusi.jpg.exe (hiyo .exe ni programu) utaiona harusi.jpg, tena ina kialama cha picha. Nenda "View", weka tiki kwenye "File name extensions" (Windows 11 pitia "Show" kwanza). Wengi huishia hapo. Nami niliishia hapo, nikabonyeza kitu kilichofanana na folda, na jioni kila flashi iliyochomekwa dukani ilikuwa na virusi. Ilikuwa shotikati, yaani njia ya mkato inayofungua kitu kingine, na shotikati haionyeshi herufi zake za mwisho hata ukiweka tiki. Kuna hila nyingine pia: alama isiyoonekana huwekwa ndani ya jina, herufi zinasomeka kinyume, na programu ya .exe inajitokeza kama pichaexe.jpg. Ukaliamini jina, umeumia.

Kwa hiyo chagua "Details", achana na picha kubwakubwa, kisha soma safu ya "Type". Ikiandika "Application", "Shortcut" au "Screen saver", hiyo si picha hata ikiitwa nani. Ila usifute kila usichokijua: HEIC ni picha halali ya iPhone, na wateja wengi wameshaambiwa ni kirusi wakapoteza kumbukumbu zao.

Ukibaki na shaka, lifungue faili lenyewe kutokea ndani ya Notepad, programu ya maandishi ya Windows, ambayo haiendeshi programu. Picha ya PNG ina neno PNG mwanzoni kabisa. JPEG nyingi zina JFIF au Exif karibu na mwanzo. Ukikuta linaanza na MZ, hiyo ni programu.

4. Rudisha zilizofichwa. Virusi vya aina hii mara nyingi havifuti picha, huzificha na kuweka shotikati mahali pake. Fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri), andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

E ni herufi ya flashi. Hakikisha kwanza ni ipi, usije ukaandika C ukavuruga mafaili ya mfumo.

5. Nakili picha peke yake, fomati flashi (ifute yote), zirudishe.

6. Kwenye simu: picha haiombi kusakinishwa. "Kadi ya harusi" ya WhatsApp inayoishia na .apk (faili la kusakinisha programu kwenye Android), ifute, kisha mpigie aliyeituma, maana huenda akaunti yake imeshatekwa.

Picha za mama zilikuwemo zote. Alichagua nne, nikazisafisha siku hiyohiyo, na nakala nikamwekea kwenye simu ya binti yake.